Mama Daktilo na Karatasi za Ukutani

Tangazo la serikali alilisoma kutoka chini. Sisi wengine tulianzia juu, penye bendera na majina marefu ya wizara, tukapotea kabla ya kufika mstari wa tatu. Yeye alivaa miwani, akaweka kidole kwenye muhuri, akatazama nani amesaini na siku gani, halafu akapanda taratibu akitafuta kitu kimoja tu: nani anatakiwa kufanya nini. Watu wakianza kuuliza kabla hajamaliza alisema, "Mungoje," bila kugeuka. Akimaliza alivua miwani, akatuangalia, ndipo akasema. Mara nyingi karatasi nzima ilitoka kinywani mwake ikiwa maneno kumi.

Tulimwita Mama Daktilo kwa sababu alikuwa amepiga mashine ya kuandikia katika ofisi za serikali hapa Kalemie kwa miaka zaidi ya thelathini, kwanza mashine ya chuma, mwishoni kompyuta. Mimi nilimjua akiwa amekwisha kustaafu. Kati ya nyumba yake na yangu kulikuwa na ua wa matete, katika kartye yetu, mtaa wa ufukoni, na kwa miaka kumi na minne nilisikia kila siku asubuhi jinsi alivyofagia: haraka haraka, kisha kimya, kisha haraka tena, kama mtu anayemaliza mstari na kuanza mwingine. Vidole vyake havikustaafu. Kanisani padri akihubiri, vilikuwa vinapiga juu ya goti. Niliwahi kumwuliza kama anaandika mahubiri. Akasema hapana, anaandika kile padri alichotaka kusema.

Hakuna aliyempa kazi ya kutusomea. Ilianza tu. Karatasi zilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kartye, zote kwa Kifaransa, na wengi wetu Kifaransa chetu ni cha salamu na cha shule ya msingi. Hata vijana waliosoma walikwama, maana Kifaransa cha ukutani si kile cha darasani. Mama Daktilo alipita akitoka sokoni, mtu akamwomba, akasoma. Baadaye watu walimletea nyumbani picha za matangazo kwenye simu, naye alizikuza kwa vidole viwili akinung'unika kwamba aliyepiga picha amekata muhuri, na karatasi bila muhuri haisomeki.

Neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa "wahusika". Kwa Kifaransa chao liko katika kila tangazo: wahusika wanaombwa, wahusika wanakumbushwa. Alisema ni neno lililotengenezwa ili kila mtu amtazame jirani yake. Kwa hiyo yeye hakulitamka. Alinyoosha kidole. "Weye. Na weye. Na weye mwenye mutumbwi pale." Watu wengine walikasirika kunyooshewa kidole hivyo, lakini walielewa.

Mwaka walipotangaza kufunga uvuvi kwa miezi kadhaa, ili samaki wa ziwa wapate kuzaa, karatasi ilikuwa na kurasa tatu. Ilizungumzia aina za nyavu, matundu ya nyavu, kusimamishwa kwa muda kwa shughuli zote za ukamataji, kamati, mkataba wa nchi nne zenye ziwa. Mama Daktilo alisoma zote tatu amesimama juani. Halafu akasema: "Kuanzia siku ya kwanza ya mwezi ujao, hakuna kuvua. Hata na ndoano moja. Hata kama ni ya kula nyumbani."

Mvuvi mmoja aliyekuwa ametoka Zongwe na mzigo wa samaki, mikebuka, akauliza, "Na siye wa Zongwe? Hatuko wa hapa."

"Karatasi haisemi Kalemie wala Zongwe, Papa. Inasema ziwa."

"Sasa watoto watakula nini miezi hiyo?"

"Hiyo haikuandikwa."

Yule mvuvi alimwangalia kama vile yeye ndiye aliyefunga ziwa. Toka siku ile hakumsalimia tena. Alipomkuta njiani alivuka upande wa pili, akawaambia watu kwamba yule mama mdomo wake haujawahi kutoa habari njema. Mama Daktilo alijua. Aliniambia kwamba ofisini pia ilikuwa hivyo, watu walimkasirikia mpiga mashine kwa sababu mkubwa hayupo. Mimi nauza ndagala, dagaa wakavu, sokoni, kwa hiyo miezi ile sikuwa na cha kuuza, na nakiri kwamba siku nyingine hata mimi nilipomsikia akifagia nilikuwa na hasira naye bila sababu.

Kuna mara moja tu nilimwona anakimbia. Lilikuwa tangazo la watu wanaosimamia dawa nchini, kwamba dawa fulani ya kikohozi ya watoto irudishwe, chupa zenye namba fulani, isitumike tena. Limebandikwa mlangoni mwa kituo cha afya, herufi ndogo, limezungukwa na matangazo ya chanjo. Alinakili ile namba kwenye kiganja chake kwa kalamu, akaanza kuingia nyumba kwa nyumba. "Mulete chupa ya dawa. Chupa yenyewe, si kunieleza." Alipata mbili zenye namba ile. Nyumba ya tatu, kwa dada mmoja mwenye pacha, chupa ilikuwapo lakini karatasi yake ilikuwa imebanduka kwa maji, na dawa imekwisha, wametumia jana yake.

"Njo yenyewe, ile mbaya?" yule dada akauliza.

"Sijui."

"Mama, weye unajua kusoma hizi vitu. Njo yenyewe ao hapana?"

"Hapa hakuna cha kusoma, mwanangu."

Alikaa na yule dada hadi jioni, akiwatazama wale pacha wanavyopumua. Walikuwa wazima na wako wazima hata leo. Lakini nilimwona kwenye ua wake kesho yake akisugua kiganja kwa mchanga, na ile namba haikutoka upesi.

Alikuwa pia mtu mgumu, nisimpambe. Akikasirika aliacha Kiswahili cha kawaida, akasema kama barua. Nilipomlalamikia kwamba kuku wake wanachakura bustani yangu alijibu, "Maneno yako yamepokelewa na yatashughulikiwa." Hayakushughulikiwa. Binti yake anayeishi Lubumbashi alipiga simu mara moja kwa juma, nami kupitia matete nilisikia jinsi mama mtu alivyomjibu kwa sentensi fupi zilizokauka. Na mwanamke huyu aliyesoma karatasi za kila mtu hakufungua za kwake. Bahasha zilizokuja kwa jina lake, za ofisi ya wastaafu na nyingine, alizitia ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga zikiwa zimefungwa. Nilimwuliza kwa nini. Akasema anajua zinavyoandikwa.

Basi maji yalipanda. Ziwa lilikuwa limeanza kupanda muda mrefu, kidogo kidogo, kisha mwaka ule likaingia kweli. Njia tuliyopita kwenda kuteka maji ikawa ndiyo ufuko, na baadaye ufuko ukawa ukuta wangu wa nyuma. Tulipanga mifuko ya mchanga. Nyumba za mbele zilianguka zenyewe. Sisi wa mstari wa tatu tulibaki, tukipika juu ya matofali, tukiamini yaliyokuja yatarudi.

Karatasi ilibandikwa siku ya Jumanne. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa natoka sokoni na beseni kichwani, nikakuta watu wamejaa mbele ya ofisi ya kartye na Mama Daktilo amesimama kati yao, kidole kwenye muhuri. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida. Fundi wa nyavu, mzee mjane aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, alikuwa karibu naye kabisa, anamwangalia midomo.

Alivua miwani. "Wanapima kutoka kwa maji mupaka juu. Nyumba zote zilizo ndani ya kipimo hicho zitabomolewa. Kwa sababu ya usalama."

"Zipi?" fundi wa nyavu akauliza.

Akanyoosha kidole. Kwake. Kwangu. Kwa watu ishirini na saba, mmoja mmoja, na wa mwisho yeye mwenyewe: akajigusa kifua.

Kisha mtu mmoja akauliza kile ambacho watu huuliza siku zote, na ambacho siku zote alikuwa anakataa kukijibu. "Sasa tufanye nini, Mama?"

Kwa kawaida angesema, "Miye nasoma tu." Safari hii alirudi kwenye karatasi, ingawa nadhani hakuwa na haja ya kuisoma tena. Akasema ndani yake kuna mlango. Mtu mwenye pingamizi anaweza kuandika barua kwa ofisi ya ardhi katika siku thelathini.

"Siku thelathini ni nyingi," nikasema mimi.

"Wanahesabu toka siku ya kusaini, si toka siku ya kubandika. Ilisainiwa siku kumi na moja zilizopita. Zimebaki kumi na tisa."

Kwa hizo siku kumi na tisa ua wake ulikuwa kama ofisi. Alitoa meza, akaomba kila mtu alete karatasi yake. Tulikuja alasiri, baada ya kazi, tukakaa kwenye mikeka kungoja zamu. Mtu alisema kwa Kiswahili chake, au Kitabwa, au Kibembe, yeye akaandika kwa Kifaransa, kisha akamsomea tena kwa Kiswahili ili ajue anasaini nini. Fundi wa nyavu alisema kitu kimoja tu: mke wake amezikwa nyuma ya jiko.

"Papa, niandike pia miaka uliyokaa pale? Hati ya parsele, ya kiwanja, unayo?"

"Hati iliingia maji. Andika ile ya mke wangu."

Aliandika. Zamu yangu ilipofika nilizungumza sana. Nilisema jinsi mimi na marehemu mume wangu tulivyofyatua matofali wenyewe, jinsi tulivyolala chini ya turubai mwaka mzima kabla ya bati, jinsi watoto wanne walivyozaliwa mle ndani, na kwamba sina mahali pengine. Aliandika akiwa ameinamisha kichwa. Aliponisomea, ilikuwa mistari sita.

"Mbona fupi?"

"Inatosha. Njo mistari sita yenye kila kitu."

Na kweli kila kitu kilikuwamo, hata turubai. Sikujua maisha yangu yanaweza kusemwa upesi hivyo.

Tulizipeleka pamoja, nakala mbili kila moja. Kijana wa mapokezi aligonga muhuri nakala zote mbili, akabaki na moja, akaturudishia nyingine. Fundi wa nyavu alikunja yake mara nne akaitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo, na toka siku ile kila nilipomwona alikuwa anapapasa mfuko. Tulitoka pale na furaha. Nasema ukweli, tulikuwa na furaha. Wanawake wawili waliimba njiani. Mama Daktilo alitembea nyuma yetu na hakuimba, nami nikadhani amechoka.

Tukangoja. Maji yaliongezeka kidogo, yakapungua kidogo. Karatasi ya pili ilibandikwa juu ya ile ya kwanza, safari hii ukurasa mmoja na nusu. Watu walinifuata sokoni, mimi nikamfuata yeye. Alikuja na kanga ya nyumbani, bila viatu vya kutokea. Kidole kwenye muhuri, kikapanda, kikasimama katikati ya ukurasa. Hakikuendelea.

"Mama," nikamwambia polepole, "wanasema nini?"

"Wanasema muda umekwisha." Akavua miwani. "Wanasema kwa kuwa hakuna pingamizi lolote lililopokelewa, kazi ianze."

Fundi wa nyavu alitoa karatasi yake mfukoni, akaikunjua, akaionyesha kwa ukuta. Kwa ukuta, si kwa mtu. "Lakini tuliandika," akasema. "Muhuri huu hapa."

"Ndiyo, Papa."

"Sasa wanasemaje hatukuandika?"

Mama Daktilo alifungua mdomo. Nilimjua miaka kumi na minne, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akitafuta neno la Kiswahili asilipate.

Kesho yake nilikwenda naye ofisi ya ardhi. Tulikaa kwenye benchi toka asubuhi hadi saa sita. Kijana yule yule wa mapokezi alitupokea vizuri, akatuletea maji. Akasema faili limepanda kwa mkubwa, na mkubwa amesafiri, na hata akirudi uamuzi umekwisha kusainiwa. Mimi nikaanza kupandisha sauti. Yule kijana hakunijibu mimi. Alimwangalia Mama Daktilo, kwa heshima, karibu kwa huruma, akasema, "Mama, weye mwenyewe unajua hii modeli ya tangazo. Nilipoingia kazi niliikuta ndani ya mashine yako."

Yeye akasimama, akaniambia twende.

Njiani sikumwuliza kitu. Niliogopa jibu, na pia kulikuwa na kazi ya kufanya. Vijana walikuja na rangi nyekundu wakaweka alama milangoni. Tulishusha mabati wenyewe kabla mashine ya kubomoa haijafika, maana bati lililoshushwa kwa mkono unaweza kulitumia tena. Fundi wa nyavu hakushusha lake. Alikaa jikoni hadi wajukuu zake walipokuja kumbeba kwa kiti, na alipotolewa hakupiga kelele, aliendelea tu kuwaambia wale wenye mashine wapite taratibu upande wa nyuma. Sikuangalia kama walipita taratibu. Mimi na watoto tulihamia kwenye parsele ya mdogo wangu, ng'ambo ya reli. Mama Daktilo alipata chumba kwenye njia ya Katanika, kwa mtu wa kanisa. Hatukuagana vizuri.

Ilipita karibu miezi minane. Wakati huo nilikuwa nimesikia mambo. Mtu aliyewahi kufanya kazi ofisi moja naye alinieleza, bila kujua ananieleza nini, jinsi karatasi zile zilivyotengenezwa. Nilikaa na maneno yale majuma mawili, halafu siku moja asubuhi nikaenda.

Nilimkuta uani anachagua maharagwe, chungu tayari kiko motoni. Alikuwa amekonda. Alinipa kibao chake mwenyewe, akageuza ndoo akaikalia.

"Karibu, Mama Furaha. Watoto?"

"Wazima. Nimekuja kukuuliza kitu."

"Uliza."

"Ile karatasi ya pili. Iliandikwa lini?"

Hakujifanya hajaelewa. Aliendelea kuchagua. "Wakati wangu, ya kwanza na ya pili nilizipiga siku moja. Ya pili inangoja ndani ya droo. Siku zikiisha mukubwa anatia tarehe na kusinye jina lake."

"Hata kama watu wameandika?"

"Hata kama wameandika."

"Na barua zao?"

"Zilikuwa zinakuja. Si nyingi, lakini zilikuwa zinakuja. Nilizipanga kwa faili, kwa alfabeti."

"Nani alizisoma?"

"Miye." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Nilizisoma zote. Mwingine sikumwona."

Nilifikiria wale wanawake wawili waliokuwa wanaimba njiani. Nilifikiria ile mistari sita. "Basi ulijua," nikasema. "Siku ya kwanza pale ukutani, ulijua."

"Nilijua."

"Na ukatuandikisha siku kumi na tisa. Tungeshusha mabati mapema. Tungetafuta mahali."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Mama?"

Mikono yake ilisimama. "Mulikuwa wengi, na mulikuwa munaniangalia wote," akasema. "Munauliza tufanye nini. Nilitaka kusema hakuna, neno lilikuwa hapa." Akagusa koo. "Nilishindwa kulitoa. Halafu mukaanza kuleta karatasi, na kila muntu anasema, na miye naandika, siku zingine nikasahau. Nikaamini kidogo. Nikasema labda siku hizi kuna mwingine anayesoma."

Jirani alipita na ndoo ya maji, akasalimia, tukamwitikia wote wawili. Nilipokuwa nashusha mabati yangu nilikuwa nimegundua kitu kingine, na sasa nikakikumbuka. Siku ile ofisini, nakala tulizorudishiwa zilikuwa ishirini na sita, na sisi tulikuwa ishirini na saba.

"Yako hukuandika," nikasema.

"Yangu hapana."

"Kwa nini?"

"Muntu aliyekuwa anazisoma alikwisha acha kazi."

Alisema hivyo bila kuniangalia, akarudi kwenye maharagwe. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga njiani toka kwenye reli, na hakuna hata moja lililonifaa. Yeye ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida.

"Una hasira na miye?"

"Ninayo."

"Nyingi?"

"Sijui, Mama. Ninayo tu."

Aliitikia kwa kichwa. Akainuka akishika kiuno, akafunua chungu kilichokuwa motoni, akaonja, akachukua sahani mbili za bati. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama ili niondoke. Akaniwekea sahani moja juu ya kibao pale nilipokuwa nimekaa, bila kusema karibu. Nikaitazama kidogo. Halafu nikaiinua, nikakaa, tukala.